Vidonge vya kushusha fosifeti nameza, mbona haishuki? Na maswali mengine ya figo

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia sehemu moja, fosifeti (fosforasi inayotoka kwenye chakula, ambayo figo mbovu haiitoi) na mishipa ya damu kukakamaa kwa watu wenye ugonjwa sugu wa figo. Nimechagua sita, zingine nimezifupisha, na waliouliza kitu kilekile nimewaunganisha, msinune. Ila dozi yako wewe anaijua daktari anayeshika makaratasi yako, mimi hapa naeleza mambo yanavyokwenda tu.

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 61, yuko kwenye dayalisisi (mashine ya kusafisha damu) mara tatu kwa wiki. Kalsiamu kaboneti anameza kila siku bila kukosa, lakini fosifeti ilikuwa 2.1 na mwezi uliofuata 2.3. Nesi anasema mzee anakula hovyo, mzee anakasirika anasema hali kitu cha maana. Nani mkweli hapo? (Binti wa baba mbishi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo 2.3 iko juu, kawaida ni kama 0.8 hadi 1.5, lakini inawezekana kabisa wote wawili ni wakweli. Kabla hamjaanza kumsakama kuhusu chakula niambie kwanza anameza saa ngapi, mana hilo kwenye barua yako hujaliandika na mara nyingi jibu liko hapohapo. Wagonjwa wengi wanameza dawa zote kwa mkupuo mmoja asubuhi wakiamka, ya presha, ya damu, ya fosifeti, maji glasi moja, alafu chakula kinakuja saa moja na nusu baadaye. Ukifanya hivyo ile ya fosifeti ni kama hujaimeza. Hizi dawa hazina kazi kwenye damu, kazi yake yote iko tumboni na kwenye utumbo, kidonge kinakutana na chakula, kinashikana na fosifeti inayotoka kwenye kile chakula, vinakuwa kitu kimoja kisichofyonzeka, kinatoka na choo, basi. Chakula kisipokuwepo hakuna cha kunasa. Na kwa kalsiamu hasara ni mara mbili, kwa sababu ikikuta tumbo tupu sehemu kubwa zaidi ya hiyo kalsiamu inafyonzwa yenyewe na kuingia kwenye damu, yaani fosifeti haijashuka na kalsiamu umeongeza. Kidonge kikae mezani pembeni ya sahani, amezee katikati ya kula au anapoanza. Na kama mlo wake mkubwa ni ule wa jioni, mwulizeni daktari wake kama vidonge vingi vihamie huko badala ya kugawana kimoja kimoja mara tatu wakati asubuhi mzee anaonja tu vijiko viwili anaacha.

Sasa tupige hesabu kidogo, mana hii ndo inawafanya watu waelewe kwa nini haishuki. Mtu anayekula kawaida anapata kama miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku, na utumbo unafyonza kama asilimia 60 hadi 70. Kwa wiki hiyo ni zaidi ya miligramu 4,000 zinazoingia. Dayalisisi moja ya masaa manne inatoa kama 800 hadi 1,000, kwa hiyo mara tatu ni 3,000 ukiwa na bahati. Iliyobaki inaenda wapi? Figo haitoi tena. Na kidonge kimoja kinanasa makumi machache tu ya miligramu, kwa hiyo ukisikia mtu anasema mimi nakula chochote alafu naongeza kidonge, mwambie hesabu inakataa.

Kingine, mzee anakatiza masaa ya mashine? Msimwulize kwa ukali. Fosifeti sehemu kubwa imejificha ndani ya seli na kwenye mifupa, saa ya kwanza mashine inaisafisha ile iliyopo kwenye damu haraka, alafu inabidi isubiri seli ziachie taratibu. Kwa hiyo lile nusu saa la mwisho analoomba achomolewe mapema si dogo kama anavyolidhania, na ndo mana wanaofanya dayalisisi ndefu za usiku fosifeti yao hushuka hadi wengine wanapunguziwa vidonge.

Kwenye chakula chenyewe nesi ana hoja lakini pengine analenga pasipo. Fosifeti ya maharage na nafaka inafyonzwa kidogo, kwa kawaida chini ya nusu, kwa sababu imefungwa kwenye kitu ambacho utumbo wa binadamu hauwezi kukifungua vizuri. Ya nyama na maziwa inafyonzwa zaidi. Ila mwizi mkubwa ni ile ya kiwandani inayowekwa kwenye soda nyeusi, soseji, nyama za kopo, jibini za kupaka, hiyo inafyonzwa zaidi ya asilimia 90 na haina ladha ya kukushtua. Mtu anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba hali kitu, na kwa siku kanywa soda mbili na soseji moja. Msome orodha ya viungo nyuma ya pakiti, popote mnapoona neno fosifeti au asidi ya fosforasi hapo ndo penyewe. Msimnyime nyama na mayai mpaka akakonda, protini anaihitaji na mgonjwa wa dayalisisi akikonda hali yake inakuwa mbaya kuliko hiyo 2.3.

Na kama muda, chakula na mashine vyote viko sawa, ulizeni homoni ya parathairoidi (ya vitezi vidogo vya shingoni) iko ngapi. Ikipanda sana inakwangua mifupa na fosifeti inatoka humohumo mwilini, hapo hata umeze pakiti nzima utakuwa unapambana na kitu ambacho hakikutoka kwenye sahani. Vidonge vya vitamini D kali navyo vinaongeza ufyonzaji wa fosifeti na kalsiamu tumboni, watu wanasahau.

SWALI: Dokta, nilipigwa eksirei ya tumbo kwa sababu nyingine kabisa, aliyeisoma akaniambia mshipa wangu mkubwa umejaa chokaa. Nina miaka 38, sivuti sigara, niko dayalisisi miaka 6. Tangu siku hiyo maziwa nimeacha kabisa. Hii chokaa inatolewaje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Alichokiona kwenye eksirei iliyopigwa kwa upande ni mistari miwili myeupe inayoshuka sambamba mbele ya uti wa mgongo, ndo kuta za aota hizo, yaani ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, kwa mtu ambaye hana chokaa huwezi kuziona. Hukukosea kushtuka, ila kuhusu umri wako sio wewe peke yako. Mwaka 2000 ulitoka utafiti mdogo wa vijana wa dayalisisi, kati ya 16 waliokuwa na miaka 20 hadi 30, 14 walikutwa na chokaa kwenye mishipa ya moyo, na kati ya 23 walio chini ya miaka 20 hakukutwa hata mmoja. Na waliokuwa na chokaa walikuwa wanameza karibu mara mbili ya kalsiamu ya vidonge ukilinganisha na wenzao. Utafiti ule uliwatisha madaktari wengi na mabadiliko mengi ya dawa hizi yalianzia hapo.

Watu wanafikiri ni kama ukoko ndani ya birika, kwamba kalsiamu imezidi kwenye damu ikaganda ukutani. Ingekuwa hivyo tungetafuta kitu cha kuukwangua. Ukuta wa ateri una seli za misuli laini zinazoufanya ujibane na kulegea. Fosifeti ikikaa juu muda mrefu inaingia kwenye hizo seli, nazo zinabadilika tabia, zinaacha kazi ya misuli zinaanza kufanya kazi za seli za mfupa, zinatengeneza vitu vya mfupa ndani ya mshipa. Mwaka huohuo wa 2000 watafiti walizikuza seli hizo maabara kwenye fosifeti ya kiwango kinachopatikana kwa wagonjwa wa figo na zikaanza kuweka chokaa zenyewe. Kalsiamu ikiwa nyingi hapo inaharakisha. Na mwili una walinzi wa kuzuia, protini kadhaa, moja inahitaji vitamini K ili ifanye kazi, ndo mana mgonjwa wa figo anayetumia warfarini anaangaliwa zaidi kwenye hili (usiiache mwenyewe lakini, warfarini ina sababu yake!).

Kwa hiyo jibu la swali lako, hamna dawa iliyothibitishwa ya kuitoa. Tunachofanya ni kuizuia isiongezeke haraka. Madhara yake utayaona kwenye presha, namba ya juu inapanda na ya chini inashuka, pengo linakuwa kubwa, kwa sababu mshipa uliokakamaa haupokei lile pigo la moyo kwa kutanuka. Moyo unasukuma kwa nguvu zaidi kila dakika hadi ukuta wake unanenepa. Kuna wagonjwa unawafunga kipimo cha presha mguuni unakijaza hewa mpaka mwisho na mapigo bado yanasikika, mshipa umegoma kubanwa. Hii ni tofauti na mafuta yanayoziba mshipa kwa ndani, ingawa wengi wana vyote viwili, kwa hiyo ukiona maumivu ya kifua au kuchoka kusiko kwa kawaida usiseme ah ni ileile chokaa, nenda ukapimwe moyo.

Maziwa. Kuyapunguza ni sawa kwa sababu yana fosifeti, lakini kuyaacha kwa kuogopa kalsiamu huku unameza vidonge vya kalsiamu ni kufunga dirisha mlango ukiwa wazi. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalsiamu halisi 500. Vidonge sita kwa siku ni 3,000, hamna anayekunywa maziwa ya kufikia hapo. Mwongozo wa Marekani wa 2003 uliweka mwisho wa 1,500 kwa siku kutoka kwenye dawa hizi na 2,000 ukijumlisha na chakula, na mwongozo wa kimataifa wa KDIGO (shirika linaloandika miongozo ya magonjwa ya figo) wa 2017 ukaenda mbali zaidi, unashauri dozi ya dawa za kalsiamu ibanwe kwa mgonjwa yeyote, hata ambaye hajaonekana na chokaa. Kahesabu vidonge vyako, mpelekee daktari hiyo namba, na umwulize pia kalsiamu ya maji ya mashine imewekwa ngapi, KDIGO wanapendekeza kati ya milimoli 1.25 na 1.50 kwa lita.

SWALI: Daktari wa kwanza alinipa kalsiamu asetati. Nilipohama nikabadilishiwa sevelama, wa tatu anasema zote sawa tu. Nimechoka kuzungushwa, wewe unasemaje?

JIBU: Huyo wa tatu kasema kwa mkato mno lakini hajasema uongo mtupu. Sevelama haina kalsiamu ndani yake, lakini kwenye kushusha fosifeti zote zinashusha ukimeza inavyotakiwa. Ugomvi uko kwenye mishipa, na hapo tafiti zimekuwa zikivutana miaka zaidi ya ishirini sasa.

Mwaka 2002 lilitoka jaribio la wagonjwa 200 wa dayalisisi kwa wiki 52, nusu sevelama nusu kalsiamu, fosifeti ikashuka karibu sawa kwa wote, lakini chokaa kwenye moyo na aota iliongezeka kwa waliokuwa kwenye kalsiamu na wa sevelama ikasimama karibu palepale. Watu wakashangilia. Mwaka 2007 likatoka kubwa zaidi, wagonjwa kama 2,100, sasa wanahesabu vifo na sio picha, na kwa jumla hakukuwa na tofauti. Zilikuja tafiti nyingine upande wa sevelama, nyingine hazikuona kitu. Alafu 2021 Wajapani wakatoa majibu yao, wagonjwa 2,309 waliokuwa na dalili za hatari ya kukakamaa mishipa, wengine lanthanamu kaboneti (nayo haina kalsiamu), wengine kalsiamu kaboneti, na matukio ya moyo na mishipa hayakupungua kwa wale wa lanthanamu. Wagonjwa wa Japani wanatunzwa vizuri sana kwa dayalisisi na kalsiamu yao haikuwa ya kumwaga, kwa hiyo sidhani kwamba majibu yale yanampa mtu ruhusa ya kumeza kalsiamu tisa kwa siku.

Na kuna jambo moja ambalo wagonjwa hawaambiwi na mimi naona ni haki yao kulijua, kwamba hakuna jaribio kubwa lililowahi kuonyesha kuwa dawa yoyote kati ya hizi inarefusha maisha ukilinganisha na kidonge kisicho na dawa. Tunazitumia kwa sababu fosifeti ya juu inaendana na vifo vingi zaidi, tafiti baada ya tafiti, na kwa sababu tunajua inachofanya kwenye ukuta wa mshipa. Sababu nzuri hizo, natibu kwa hizohizo kila siku. Ila namba kushuka kwenye karatasi ni jambo moja na mshipa kupona ni lingine.

Msimamo wangu ni huu. Mtu mwenye kalsiamu ya juu kwenye damu, au chokaa inayoonekana, au homoni ya parathairoidi iliyoshuka mno, simwachi kwenye kalsiamu kama kuna kingine. Mtu ambaye kalsiamu yake iko chini, fosifeti imepanda kidogo, dozi ndogo ya kalsiamu na chakula inamtosha, hiyo sioni kosa. Sevelama ina faida ya kushusha kolesteroli mbaya kidogo kwa sababu inanasa na nyongo, na wapo wanaosema sehemu ya ule ubora wa 2002 ilitoka huko. Ubaya wake vidonge ni vikubwa, ni vingi, vinaleta gesi na kufunga choo, na aliyewahi kuziba utumbo asipewe kirahisi. Kinamezwa kizima, usikitafune kwa sababu kinavimba kikikutana na mate. Lanthanamu ni kinyume chake, hiyo lazima utafune hadi iwe unga, ukimeza nzima haifanyi kazi vizuri na inaweza kukwama kwenye utumbo, alafu ukipigwa eksirei vipande vinang'aa tumboni mtu anaanza kuuliza umemeza nini.

SWALI: Nimeanzishiwa ya fosifeti yenye madini ya chuma, choo kimekuwa cheusi tii. Niache?

JIBU: Usiache, chuma kinafanya hivyo na sio ugonjwa. Ila choo cha damu nacho ni cheusi, kwa hiyo kikiwa kinanata kama lami, kinanuka vibaya kuliko kawaida, na unasikia kizunguzungu au moyo unakwenda mbio, nenda hospitali siku hiyohiyo usiisingizie dawa. Waambie pia kliniki unaitumia wakati wanakupangia sindano za chuma, kwa sababu ile ya sitrati ya chuma inafyonzwa kiasi na inapandisha akiba ya chuma mwilini. Ile nyingine ya chuma ya kutafuna inaacha chuma kidogo sana mwilini.

SWALI: Mimi bado sijafika dayalisisi, figo iko hatua ya tatu. Fosifeti yangu 1.2. Kuna mtu kaniambia nianze kalsiamu mapema kulinda mishipa, nianze?

JIBU: Usianze. Hiyo 1.2 ni ya kawaida, kiwango cha watu wazima ni kama 0.8 hadi 1.5 (maabara inayotumia kipimo kingine watakuandikia 2.5 hadi 4.5, usishtuke ni kitu kilekile). Najua wazo lenyewe linavutia, na sio la kijinga, mana homoni zinazofukuza fosifeti zinapanda mapema sana kabla fosifeti yenyewe haijapanda, mwili unajikaza ndo unaona namba nzuri. Watafiti nao waliwaza hivyohivyo wakajaribu. Mwaka 2012 walichukua wagonjwa 148 ambao hawajafika dayalisisi, fosifeti za kawaida au karibu na kawaida, wengine dawa, wengine kidonge kitupu. Fosifeti ilishuka kidogo sana na chokaa kwenye mishipa ikaongezeka ZAIDI kwa waliopewa dawa, hasa wa kalsiamu asetati. Mwaka uliofuata utafiti mwingine mdogo, watu wanane tu lakini waliopimwa kila kilichoingia na kilichotoka, ukaonyesha kwamba kalsiamu kaboneti iliwaacha na kalsiamu ya ziada mwilini bila kubadilisha hesabu ya fosifeti. Na 2020 wakajaribu lanthanamu, isiyo na kalsiamu kabisa, kwa watu 278 wiki 96, mishipa haikuwa laini zaidi wala chokaa haikuwa ndogo zaidi.

Kwa hiyo KDIGO sasa wanasema dawa iangaliwe pale fosifeti inapopanda na kuendelea kupanda au kubaki juu, sio kwa kinga. Wewe hangaika na presha, sukari kama unayo, sigara, protini kwenye mkojo, na vile vyakula vya viwandani nilivyomwandikia binti hapo juu. Huyo aliyekushauri mwambie asante.

SWALI: Dokta napata kiungulia sana, niko dayalisisi, ile dawa nyeupe ya maji ya kiungulia naweza kunywa? Nasikia nayo inashusha fosifeti. Nameza pia dawa ya tezi ya shingo.

JIBU: Angalia chupa kwanza dada. Kama imeandikwa alumini, ni kweli inashusha fosifeti na inashusha sana, miaka ya 1970 ndo ilikuwa dawa yenyewe ya kazi hiyo. Wagonjwa wakaanza kuchanganyikiwa, kusema kwa shida, kupata degedege, mifupa kuuma na kuvunjika, damu kupungua, kumbe alumini ilikuwa inajaa kwenye ubongo na mifupa kwa sababu figo hazipo za kuitoa, na sehemu nyingine ilitoka kwenye maji ya mashine yenyewe. Siku hizi dayalisisi nyingi wanaikwepa. Nyingi za hizo chupa zina na magnesiamu ambayo nayo kwako inajaa. Kiungulia kina dawa zingine, mwambie daktari akupe.

Kuhusu ya tezi, hapo ndo napata wasiwasi zaidi kuliko kiungulia. Kalsiamu, sevelama, lanthanamu na za chuma zote zinaweza kuinasa ikiwa tumboni, na mtu anaongezewa dozi ya tezi mara kwa mara bila sababu kujulikana. Na kalsiamu iachane nayo angalau masaa manne. Wengi inawakaa vizuri kumeza ya tezi usiku sana, masaa kadhaa baada ya mlo wa mwisho na kidonge chake cha fosifeti, alafu kipimo cha tezi kinarudiwa baada ya wiki sita hivi. Antibayotiki kama siprofloksasini nazo zinanaswa hivyohivyo, kwa hiyo siku ukiandikiwa, kabla hujatoka kwenye chumba cha daktari mtajie kwamba unameza dawa ya fosifeti na unaimeza saa ngapi.